Kila Msimbo Una Mwaka Wake

Leo ni historia, lakini ni historia ya kukuokolea usiku mzima wa kukuna kichwa mbele ya laptopu.

Kuna swali linalonifikia sana kutoka kwa vijana wanaosomea kompyuta: "Programu nimeitoa kwa noti za darasa, nimenakili neno kwa neno, mbona mashine yangu inaikataa?" Mara nyingi ni programu ya lugha ya C, na mara nyingi inafanana na hii:

```
main()
{
    printf("Habari Kajiado");
}
```

Ukiipatia kompaila ya GCC iliyotoka mwaka 2023, itanung'unika kidogo halafu ikubali. Ukiipatia GCC 14, iliyotoka Mei 2024, inagoma kabisa. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika kwenye programu. Kilichobadilika ni yule anayeisoma.

Wengi wakifika hapo wanafunga laptopu na kujiambia, "Hii maneno ya kuprogramu si yangu." Hapo ndipo tunapoteza watu wazuri. Msimamo wangu ni huu: kila msimbo una mwaka wake, na noti ambazo hazitaji mwaka zinamwonea mwanafunzi. Ngoja nikuonyeshe imekuwaje hadi tukafika hapa.

Ilianzia wapi

Kwa wale wageni: kompaila ni programu inayochukua maandishi yako na kuyatafsiri yawe maagizo ambayo mashine inaelewa. Kabla ya kutafsiri, inakagua sarufi. Sarufi hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha sheria, na kitabu hicho ndicho tunaita kiwango. Kama sheria yoyote, kiwango hubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Sasa twende Bell Labs, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Ken Thompson alitengeneza lugha iliyoitwa B. Lugha hiyo haikuwa na aina za data. Iwe ni namba, herufi au anwani ya mahali kwenye memori, vyote vilikuwa neno moja la mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwenzake Dennis Ritchie akaikuza B ikawa C, na akaongeza aina. Lakini watu walikuwa wameshazoea kuandika bila kutaja aina, kwa hivyo C ikaacha mlango wazi. Usipotaja aina, inachukuliwa kuwa umemaanisha `int`, yaani namba kamili. Ukiita fankisheni ambayo hujaitambulisha, C inadhani tu kwamba itarudisha `int` na kazi inaendelea.

Ile `main()` ya noti zako, isiyokuwa na neno lolote mbele yake, ni urithi wa B. Ni kama jina la babu ambalo mtu analibeba bila kujua hadithi yake.

Mwaka 1978 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu chao, The C Programming Language. Kwa miaka kama kumi hivi, kitabu hicho ndicho kilikuwa sheria. Shida ni kwamba kitabu cha kufundishia huacha mambo mengi bila kuyasema, na kila kampuni iliyotengeneza kompaila ilijaza mapengo kwa namna yake. Programu ilikuwa inakubaliwa na mashine hii na kukataliwa na ile.

Mwaka 1983 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likaunda kamati iliyoitwa X3J11 ili kuweka mambo sawa. Kazi hiyo ilichukua miaka sita. Kiwango kilipitishwa Desemba 1989, na ISO ikakikubali mwaka 1990. Ndiyo maana wengine wanakiita C89 na wengine C90. Kikubwa kilicholetwa ni utambulisho kamili wa fankisheni: unasema mapema itapokea nini na itarudisha nini, ili kompaila iweze kukushika ukikosea. Ila mtindo wa zamani haukufutwa. Uliwekwa tu alama kwamba siku moja utaondolewa.

Siku hiyo ilifika mwaka 1999. Kiwango cha C99 kilifuta ile dhana ya `int`, na kikasema fankisheni lazima itambulishwe kabla ya kuitwa. Sasa piga hesabu. Sheria ni ya 1999. GCC imeanza kukataa 2024. Ni miaka 25 kati ya sheria kuandikwa na polisi kuanza kusimamisha magari.

Mbona walingoja hivyo

Sisi wa Kajiado hii tunaielewa bila kuchorewa. Reli ya Magadi inatoka Konza, inapita Kajiado mjini na kuteremka hadi ziwani kuchukua magadi. Ni reli ya zama za mkoloni, na upana wake ni milimita 1000. SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hadi Nairobi ina upana wa milimita 1435. Mwaka 2019 ikaendelezwa hadi Suswa, ikipita Ongata Rongai na Ngong, ndani ya kaunti yetu hii hii. Kaunti moja, reli mbili, na behewa la moja haliwezi kupanda juu ya nyingine.

Hakuna mtu aliyeng'oa reli nyembamba asubuhi ile SGR ilipofunguliwa. Isingewezekana, kwa sababu mabehewa yalikuwepo, stesheni zilikuwepo, na jirani zetu Uganda walikuwa bado kwenye reli ile ya zamani. Kwa hivyo kule Naivasha kukajengwa mahali pa kuhamisha makontena ya kwenda Malaba kutoka reli moja hadi nyingine. Uhamishaji huo unaokoa kazi ya zamani, lakini una bei: muda, winchi, watu, mafuta.

Kompaila zilifanya vivyo hivyo. Hadi mwaka 2015, GCC ilipofika toleo la 5, ukiita GCC bila kutaja kiwango ilikuwa inasoma msimbo wako kwa sheria za 1989, pamoja na nyongeza zake yenyewe. Baada ya hapo ikahamia sheria za 2011, lakini mambo ya kale bado yalipata onyo tu. Onyo ni kama kibao cha "punguza mwendo" kwenye barabara ya Namanga. Kinasomwa na wageni.

Bei ya ule upole ililipwa wapi? Chukua mfano wa fankisheni inayorudisha anwani ya memori. Kwenye mashine za biti 32, anwani na `int` zilikuwa na ukubwa sawa, kwa hivyo ukisahau kuitambulisha fankisheni, kompaila inadhani ni `int`, na bahati nzuri kila kitu kinaingia. Zikaja mashine za biti 64. Anwani sasa ina biti 64, na `int` imebaki na biti 32. Kompaila bado inadhani ni `int`, inachukua nusu ya anwani na kutupa nusu nyingine. Programu inaenda kutafuta kitu mahali ambapo hakipo na inaanguka. Au mbaya zaidi, haianguki leo. Inaanguka baada ya mwezi, ikiwa kwenye simu ya mteja.

Kwa hivyo ukiona GCC 14 inakufokea, elewa kwamba inakufokea kuhusu kitu ambacho kimeangusha programu za watu kwa miaka mingi huku kompaila zikinyamaza.

Hata Python ilipitia haya

Najua kuna mmoja hapo anasema, "Mimi siandiki C, mimi ni wa Python." Poa. Lakini Python yenyewe imeandikwa kwa C. Ukiandika `print` pale, kuna msimbo wa C chini yake unaofanya kazi. Na huo msimbo chanzo wa Python umefukuzana na viwango vya C tangu siku ya kwanza. Historia yake ni somo tosha.

Guido van Rossum alitoa Python kwa mara ya kwanza Februari 1991, akiwa taasisi ya CWI kule Amsterdam. Kiwango cha C kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kitu. Mashine nyingi bado zilikuwa na kompaila za mtindo wa kitabu cha 1978. Angefanyaje? Suluhisho lilikuwa ujanja mmoja ulioitwa `Py_PROTO`. Kila fankisheni ilitambulishwa ikiwa imefungwa ndani ya makro hiyo. Kompaila mpya ikisoma, inaona utambulisho kamili. Kompaila ya zamani ikisoma, makro inameza maelezo yote na kuiachia mabano matupu iliyoyazoea. Hiyo ndiyo Naivasha ya Python: mahali pa kuhamisha mizigo.

Kazi ilienda hivyo kwa karibu miaka kumi. Python 2.0 ilipotoka Oktoba 2000, wakaamua basi. Makro ikaondolewa, msimbo ukaandikwa upya kwa mtindo wa 1989, na maelezo ya toleo hilo yakasema wazi kwamba aliye na kompaila ya mtindo wa 1978 peke yake hawezi tena kuijenga Python. Zingatia neno wazi. Walitaja kiwango, na kila mtu akajua amesimama wapi.

Shida ya pili ilikuwa nzito zaidi, na hapa nitaazima mfano wa mashamba kwa sababu sote huku tunajua maumivu yake. Fikiria ploti moja iliyo na hati mbili, zilizoandikwa kwenye rejista mbili tofauti. Karani anayeangalia makaratasi peke yake ataona hati mbili na kuamua ni ploti mbili. Atauza moja bila kumwambia mwenye nyingine. Karani hajavunja utaratibu wake. Makaratasi ndiyo yaliyodanganya.

Ndani ya Python, kila kitu unachotengeneza, iwe ni namba, orodha au maandishi, huanza na sehemu zilezile mbili: hesabu ya wangapi wanakitumia, na alama ya aina yake. Katika Python 2, sehemu hizo zilibandikwa mwanzoni mwa kila muundo kwa makro iliyoitwa `PyObject_HEAD`. Kwa macho ya binadamu zinafanana. Kwa sheria za C, ni miundo tofauti, na kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba ukiandika kupitia muundo mmoja, huwezi kuwa umegusa kilicho kwenye muundo mwingine. Hati mbili, basi ploti mbili. Kompaila zilipoanza kuwa na akili ya kuharakisha programu kwa kutumia dhana hiyo, Python ikawa hatarini. Dawa ya muda ilikuwa kuijenga kwa maagizo ya `-fno-strict-aliasing`, yaani kuiambia GCC, "tafadhali usiwe mwerevu hapa."

Mwaka 2007 Martin von Löwis aliandika pendekezo namba 3123 la kurekebisha jambo hili kutoka mzizini. Badala ya kubandika sehemu zile mbili kila mahali, kila muundo utabeba ndani yake, mwanzoni kabisa, muundo mmoja wa msingi unaojulikana. Hati moja, rejista moja. Na wanaotaka kusoma aina ya kitu wapitie mlango mmoja, makro ya `Py_TYPE`. Rekebisho hilo liliingia Python 3.0, iliyotoka Desemba 2008. Kwa watu wa nje waliokuwa na maktaba zao za C za kuunganisha na Python, ilimaanisha kupitia msimbo wao mstari kwa mstari. Ndiyo maana milango hiyo mipya iliwekwa pia kwenye Python 2.6, ili watu waanze kuhama kabla ya kufukuzwa.

Hata baada ya hapo safari haikuisha. Hadi toleo la 3.5, msimbo wa Python ulikuwa bado unafuata sheria za 1989. Huwezi kutangaza kigeu katikati ya mabano ya fankisheni, ni lazima mwanzoni. Maoni yanaandikwa kwa `/* */` tu. Sababu mojawapo ni kwamba kompaila ya Microsoft ilichelewa miaka mingi kuikubali C99, na Python haiwezi kuwaacha watumiaji wa Windows njiani. Toleo la 3.6, Desemba 2016, ndilo lililoanza kuruhusu baadhi ya mambo ya C99. Toleo la 3.11, Oktoba 2022, likasema sasa ni C11.

Ona mpangilio huo: 1989, kisha 1999 kwa kuchagua, kisha 2011. Kila mara wametaja mwaka. Yeyote anayeingia kwenye ule msimbo, awe Amsterdam au Noonkopir, anajua anasoma sheria gani.

Mwaka wa 2024

Turudi kwa GCC. Kompaila nyingine kubwa, Clang, ilitangulia. Toleo lake la 16, Machi 2023, lilianza kukataa fankisheni zisizotambulishwa. GCC ikafuata Mei 2024.

Lakini kabla ya kufunga mlango ilibidi mtu apite nyumba kwa nyumba. Florian Weimer wa Red Hat na wenzake wa Fedora walipitia pakiti za mfumo huo wakitafuta msimbo ambao ungekataliwa, wakauandikia marekebisho na kuyatuma kwa wenyewe. Watu wa Gentoo, kina Sam James, walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo upande wao. Mengi yalikuwa marekebisho ya mstari mmoja: ongeza `#include` hapa, weka `int` pale. Kazi ndogo, mara maelfu.

Kulikuwa na mtego ambao unaonyesha kwa nini kazi hiyo ilihitaji macho. Programu nyingi za zamani, kabla ya kujengwa, huendesha skripti inayoitwa `configure`. Skripti hiyo hukagua mashine yako ina nini kwa kuandika viprogramu vidogo na kuvijaribu. Kikikubaliwa, inasema "kitu hiki kipo." Kikikataliwa, inasema "hakipo." Sasa viprogramu vyenyewe vingi viliandikwa kwa mtindo wa kale, `main()` bila `int`, na kuita `exit` bila kuitambulisha. Kompaila mpya inavikataa kwa sababu ya sarufi, na skripti inaelewa vibaya kwamba mashine haina kile kitu. Hakuna kosa linaloonekana. Programu inajengwa vizuri kabisa, ila imepungukiwa na uwezo, kimyakimya. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kujua.

Na mambo hayajaisha. Kiwango kipya, C23, kilichapishwa na ISO Oktoba 2024. GCC 15, ya Aprili 2025, inakitumia usipotaja kingine. Sasa `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe, kwa hivyo msimbo wa zamani uliojitengenezea `bool` yake unakataliwa. Mabano matupu, ambayo tangu enzi za Ritchie yalimaanisha "sijasema fankisheni hii inapokea nini," sasa yanamaanisha "haipokei chochote." Alama ni zilezile, maana imegeuka.

Bili inamfikia nani

Hapa ndipo maoni yangu yanaingia. Nakubaliana na walioamua kukaza sheria. Miaka 25 ya maonyo inatosha, na msimbo uliorekebishwa ni salama zaidi kwa wote tunaotumia simu na benki zinazotegemea C huko chini.

Ila kila kiwango kikibadilika kuna bili, na bili hiyo haigawanywi sawa. Red Hat ina wahandisi wa kuilipa. Python ina jamii ya watu duniani kote. Mwanafunzi wa Kitengela aliye na fotokopi ya noti zilizopigwa fotokopi ya fotokopi, zisizo na tarehe, analipa peke yake. Na analipa kwa sarafu mbaya kuliko zote, ambayo ni kuamini kwamba yeye ndiye mjinga.

Noti nyingi zinazozunguka kwenye vyuo vyetu zilizaliwa kwenye Turbo C ya Borland. Hiyo kompaila ilitoka mwaka 1987, kabla ya kiwango chochote cha C kupitishwa. Ile `conio.h`, ile `clrscr()`, hazijawahi kuwa kwenye kiwango hata siku moja. Zilikuwa vitu vya kompaila za mashine za DOS. `int` yake ilikuwa na biti 16, kwa hivyo mwisho wake ni 32767. Kwenye laptopu yako `int` inafika zaidi ya bilioni mbili. Zoezi linalokuuliza "matokeo yatakuwa nini ukiongeza moja kwa 32767" lina jibu moja kwenye noti na jibu lingine kwenye mashine. Mwanafunzi anayeamini mashine yake anaweza kukosa alama kwenye mtihani.

Wakubwa wetu hujibu, "Sisi tulisoma kwa Turbo C na tukatoboa." Ni kweli, na siwadharau. Misingi ni ileile: matanzi, pointa, kupanga orodha. Anayeelewa misingi atahama kwenda kompaila yoyote. Lakini wao walisoma Turbo C kwenye mashine za Turbo C. Noti na mashine zilikuwa za mwaka mmoja. Kijana wa leo, ili aendeshe kompaila hiyo kwenye Windows ya biti 64, analazimika kutumia programu ya DOSBox inayoigiza kompyuta ya zamani. Hiyo ni historia nzuri, na inafaa kufundishwa kama historia, mwaka ukiwa umetajwa.

Ufanye nini leo

Kwanza, jua kompaila yako ni ya lini. Andika `gcc --version` na usome namba.

Pili, taja kiwango kila unapojenga: `gcc -std=c17 -Wall programu.c`. Hiyo `-Wall` inakuletea maonyo zaidi. Yasome, usiyapite kama kibao cha Namanga.

Tatu, ukipewa msimbo wa zamani ambao huna muda wa kuurekebisha, tumia `-std=gnu89`. GCC itausoma kwa sheria za wakati wake. Ukiwa wa juzi tu na umekwama kwenye GCC 15, jaribu `-std=gnu17`. Hiyo ni Naivasha yako. Pitisha mzigo, lakini usijenge nyumba hapo.

Nne, ukipata muda, rekebisha. Ile programu ya mwanzo inapona kwa mistari miwili mitatu:

```
/* C17, GCC 14, mwaka 2025 */
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    printf("Habari Kajiado\n");
    return 0;
}
```

Maktaba imetajwa, kwa hivyo `printf` inajulikana. `main` imesema inarudisha `int` na haipokei kitu. Hakuna cha kudhani. Programu hii inakubaliwa kwa sheria za 1989, 1999, 2011, 2017 na 2023, na ukiwa makini unaweza kuandika mambo mengi ya namna hiyo, yanayovuka reli zote.

Halafu ona ule mstari wa kwanza kabisa. Mashine inauruka, haiuhitaji. Ni wa binadamu atakayekuja kusoma baada yako, na ndio ninaoupigania hapa. Mwalimu, ukichapisha noti, andika mwaka na kompaila juu ya ukurasa. Wewe unayerekodi video za mafunzo, taja toleo kwenye dakika ya kwanza. Wewe mwanafunzi, ukimpasia mwenzako msimbo kwenye WhatsApp, weka mstari huo. Hautumii bando, hauhitaji ruhusa ya mtu.

Na kama una hamu ya kwenda mbele, tafuta programu huria ndogo ambayo bado haijengeki kwa GCC mpya. Bado zipo. Soma kosa, ongeza ule mstari uliokosekana, jaribu, tuma rekebisho kwa mwenyewe na ueleze ni kiwango gani kilichobadilika. Hivyo ndivyo waliorekebisha maelfu ya pakiti walivyofanya, mstari mmoja baada ya mwingine, na hakuna kinachosema lazima uwe Ulaya ili uweze.

Sasa nenda ukachukue noti zako za C, uangalie kama kuna mwaka mahali popote. Kama hakuna, jaribu kuukisia kwa dalili nilizokupa: `main()` tupu, `conio.h`, 32767. Niandikie hapo chini umepata wa lini. Anayepata za zamani kuliko zote, programu zake tutazirekebisha pamoja kwenye posti inayofuata.